Vyuma Chakavu vya Uani

Mtu akiegemea gari la Paskalina Kikoti pale Kihesa hakuombwa asogee. Alichapwa mgongoni kwa kitambaa. Kilikuwa kitambaa cha pamba cha kung'arishia, kimekunjwa mara nne, na kilimfikia mtu kabla hajamaliza sentensi yake. Walishakipata madereva wa bodaboda, alishakipata katekista wa kigango, na siku moja alikipata ofisa mmoja aliyekuja kuuliza habari za takataka, amevaa suti.

"Gari si ukuta, baba," Paskalina alimwambia. "Ukuta ule pale."

Watu walimwita mkorofi, na alikuwa mkorofi. Hakuna sababu ya kumpamba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye mikono iliyokaushwa na petroli na tina, na hakuwa na neno laini kwa mtu asiyeheshimu kazi. Lakini ukorofi wa mtu ni haki upimwe kwa kile anachokilinda, na yeye alikuwa na kitu cha kulinda.

Kitu chenyewe kilikuwa Pijo 404, pikapu ya kijivu chenye ubuluu kwa mbali, gia kwenye usukani, simba mdogo wa chuma katikati ya wavu wa mbele, na tundu chini ya bampa la kuingizia hendeli ya kuwashia kwa mkono. Redio haikuwa nayo, kwa sababu kiwanda hakikuweka redio. Vijana wa mtaani walimshauri afunge rimu pana na taa za kumetameta.

"Mama, ingependeza sana."

"Wewe umependeza? Kichwa umenyoa nusu, nusu umeacha. Nenda kamalizie kwanza."

Neno lake lilikuwa moja tu: gari likae kama lilivyotoka kiwandani. Puti, ule ujiuji wa kuzibia mabonde ya bati, hakupaka hata kijiko. Bati lililobonyea alilinyoosha kwa nyundo ndogo, upande wa pili ameshikilia kipande cha reli, akigonga polepole mpaka likarudia umbo lake. Lililooza alilikata pale palipooza tu, akachomelea kiraka cha unene uleule, akasaga mpaka kidole kisijue kiraka kinaanzia wapi. Wapo mafundi, na ni wengi, wanaopaka puti juu ya kutu na rangi juu ya puti, kisha wanapokea hela ya mteja huku wakimtazama usoni. Huo ni wizi, ingawa hakuna askari anayekuja kuwakamata. Paskalina aliwaita kwa jina hilo hilo, mbele yao, na ndiyo maana hakuwa na rafiki hata mmoja gereji.

Kazi hiyo hakuisomea. Mumewe, Ambrosi Nyenza, alikuwa fundi bodi kule Mlandege, naye Paskalina alikuwa akimpelekea chai na viazi saa nne asubuhi. Siku moja alikuta mlango wa gari la mteja umepigwa msasa ovyo, umebaki na mawimbi. Hakumwambia mtu. Aliweka chupa ya chai chini, akachukua msasa na ndoo ya maji, akaanza upya. Jioni Ambrosi alipitisha kiganja juu ya mlango ule, akauliza nani kaufanya. Tangu hapo Paskalina akawa fundi rangi wa gereji, na mafundi wawili wakaacha kazi kwa hasira, wakisema hawawezi kusahihishwa na mke wa mtu.

Ile Pijo Ambrosi aliinunua kwa muuza duka mmoja Mhindi aliyekuwa akiitumia kupeleka unga na sukari Mufindi. Injini ilikuwa imeungua. Ambrosi aliivuta kwa kamba mpaka uani kwake Kihesa, akaipiga kofi la kirafiki, akasema ataikarabati irudi kama ilivyotoka kiwandani. Alisema hivyo kila Krismasi kwa miaka kumi na mitano. Kazi za wateja zilimmaliza muda, kisha kifua kikammaliza mwenyewe. Mwaka 2013 ndugu zake walimzika kijijini kwao, Igowole.

Kikao cha ukoo kilikaa siku ya kumaliza msiba, baada ya pombe ya ulanzi kuzunguka mara mbili, jambo ambalo peke yake ni aibu. Mali ya marehemu haistahili kugawiwa na watu wenye povu mdomoni. Yotamu, mdogo wake marehemu, mfanyabiashara wa mbao, ndiye aliyechaguliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Alikuja na mkoba mweusi, na ndani yake alikuwa ameshatia karatasi zote alizozikuta kwenye kabati la kaka yake, kadi ya gari ikiwa mojawapo. Paskalina hakuzaa na Ambrosi. Jambo hilo hakuna aliyelitaja, lakini kila mtu alilikalia kama benchi.

Shamba la miti likaenda kwa Yotamu. Ng'ombe watatu wakaenda kwa wadogo. Mashine ya kuchomelea ikaenda kwa mpwa ambaye hakuwahi kushika hata bisibisi. Nyumba ya Kihesa hawakuigusa, kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha mama yake Paskalina na hati ilikuwa na jina lake.

"Na lile gari la uani?" akauliza mzee mmoja.

"Gari gani?" Esnath, dada yake marehemu, akaangua kicheko. "Lile banda la kuku?"

Yotamu hakucheka. Alikuwa ameshaulizia mjini, akaambiwa kwamba gari likiandikwa kwenye mirathi litathaminiwa, na ada zote za miaka liliyolala ataulizwa msimamizi. Akamgeukia mwandishi wa kikao.

"Usiandike gari. Andika vyuma chakavu vya uani."

"Vya nani?"

"Vya shemeji. Naye apate cha kuuza kwa kilo."

Hapo wakacheka wote. Paskalina alikuwa amekaa mkekani pamoja na wanawake, kitambaa cheusi kichwani. Hakucheka, wala hakushukuru. Muhtasari ukasainiwa, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo mjini Iringa, na Yotamu akasimama mbele ya hakimu, Biblia mkononi, akaapa kwamba orodha ile ni kamili na kwamba marehemu hakuacha chombo chochote cha moto. Aliapa kwa sauti kubwa.

Paskalina alirudi Kihesa, akatoa viota vya kuku kwenye siti, akaanza kazi. Ilimchukua miaka kumi na mmoja. Mchana alipaka rangi magari ya watu ili ale. Jumapili baada ya misa na kila asubuhi kabla ya kwenda gereji alikuwa chini ya Pijo. Majirani walizoea kuona miguu yake miwili imetokeza, soksi za sufu zimejaa grisi, baridi ya Julai ikipiga.

Rangi ndiyo iliyomtesa kuliko chuma. Gari lilikuwa limepakwa mara nne, tabaka juu ya tabaka, na hakuna aliyekumbuka ya kwanza. Alitafuta mahali ambapo hakuna bastola ya rangi ingeweza kufika. Chini ya boneti palikuwa na kibati cha kiwanda kilichopigiliwa ribiti. Alikitoa kwa uangalifu kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto, na chini yake akakuta kipande cha rangi kisichozidi ukubwa wa stempu, ambacho hakikuwahi kuona jua. Alichanganya rangi mkononi, akapaka kwenye vipande vya bati, akavitundika ukutani avitazame kwa mwanga wa saa moja asubuhi. Kipande cha arobaini na moja ndicho kilichokubali.

Kifuniko cha nyuma cha bodi kilikuwa kimeliwa na kutu chote. Dereva mmoja wa lori la mpunga alimwambia kuna kama kile kule Ubaruku, kwenye zizi la mfugaji. Paskalina alipanda basi mpaka Usangu, akamkuta Makoye, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa kamba za katani kwenye mlango wa zizi la ndama.

"Mama, umetoka Iringa kwa ajili ya bati hili?" Makoye alimtazama mkewe. "Nyamizi, njoo umwone mgonjwa."

"Sema unataka nini."

"Sitaki kitu. Nikikupa, ndama wangu watalala nyumbani kwako?"

"Nitakutengenezea mlango mzuri kuliko huu."

"Wewe?"

"Nionyeshe mbao."

Alikaa siku mbili, akapima, akakata, akagongomea, na Nyamizi akamlisha ugali na maziwa mgando huku akimcheka waziwazi jinsi alivyowafokea ng'ombe waliokuja kunusa misumari. Mlango ulipokamilika, Makoye aliufungua na kuufunga mara sita. Kisha akafungua zile kamba, akambebea kifuniko mpaka kituo cha basi, na hakumtania tena.

Taa za nyuma zilimpeleka Mbeya, kwa Anil, mtoto wa yule muuza duka wa zamani, ambaye sasa alikuwa na duka lake mwenyewe la vipuri. Kwenye rafu ya juu kabisa aliweka sanduku la bidhaa zilizobaki za baba yake. Ndani yake mlikuwa na vioo viwili vyekundu vya taa, bado vimefungwa karatasi ya nta.

"Siuzi," alisema Anil.

"Mbona umeviweka dukani?"

"Nimeviweka. Siuzi. Nyie mnachukua gari la baba yangu mnaligeuza keki ya harusi."

"Baba yako ndiye aliyeliua. Aliendesha bila maji mpaka injini ikakaangika. Nimekuta pistoni zimeshikana kama maandazi."

Anil aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na inawezekana hakuna aliyemsema baba yake mbele yake tangu azaliwe. "Haya, fundi. Taa ya rivasi ya gari la baba ilikuwa upande gani, kulia au kushoto?"

"Haikuwa nayo."

Walitazamana. Anil akapanda ngazi, akashusha sanduku. "Bei ni ileile. Sipunguzi."

"Nani kaomba upunguze?"

Katikati ya mwaka 2024 gari lilikamilika. Lilinguruma mara ya kwanza asubuhi ya Jumanne, likakohoa moshi mweupe, likatulia. Paskalina alilitoa mpaka kwenye kichochoro mbele ya geti na kulirudisha. Zaidi ya hapo hakwenda, kwa maana kadi ilikuwa kwenye mkoba wa Yotamu, na bila kadi na saini ya msimamizi gari halina jina barabarani. Hakuwa na haraka ya kumpigia magoti mtu yule.

Mtu mmoja akapita, akapiga picha, na ndani ya juma moja picha ikawa kwenye simu za watu mpaka Makambako. Mwenye hoteli ya watalii kwenye njia ya hifadhini akatuma ujumbe kwamba anataka kulinunua aliweke mbele ya mapokezi. Habari hiyo ilifika Igowole. Jumamosi iliyofuata Yotamu alishuka getini na mkoba wake, nyuma yake Esnath, kajifunga kitenge kipya.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Usiegemee."

Yotamu akaondoa mkono kwenye bodi. "Tumekuja kuliangalia gari la ukoo."

"Ukoo una gari?"

"Si hili hapa?"

"Hivi ni vyuma chakavu vya uani. Mlinipa wenyewe, mkacheka."

"Haswa. Tulikupa vyuma. Gari hatukukupa. Soma muhtasari, neno gari halimo." Alitabasamu kama mtu aliyekwisha kulifanyia mazoezi neno hilo njiani. "Wewe umekalia mali ya kaka yangu miaka kumi na mmoja, na sisi tumenyamaza kwa heshima."

"Mlinyamaza kwa sababu lilikuwa limejaa mavi ya kuku."

"Wifi, chunga mdomo," Esnath akadakia. "Mwanamke unalala chini ya gari miguu nje, mtaa mzima unakuona. Tumekuvumilia. Sasa mali irudi kwa damu yake."

"Damu? Sogea nikuonyeshe damu." Paskalina alimnyooshea viganja, na makovu ya bati yalikuwa yamekatiza pande zote kama njia za mbuzi mlimani. Esnath akatazama pembeni.

Yotamu akagonga mkoba wake kwa vidole. "Kadi ninayo mimi. Hiki kitu hakitoki getini bila mimi. Trafiki wa kwanza tu atakivuta. Kwa hiyo chagua: utoe funguo leo kwa amani, au tuonane mahakamani."

"Mahakamani nafika kwa miguu. Tokeni uani kwangu."

Kesi ikafunguliwa. Yotamu aliomba mahakama iamuru mjane arudishe mali ya marehemu. Siku tatu kabla ya kusikilizwa, Anil alipiga simu kutoka Mbeya. Habari ilikuwa imemfikia, kama zinavyofika habari zote za watu wenye maduka.

"Fundi, sikiliza. Useme gofu lile uliliuza kwa kilo zamani. Hili umeliunda mwenyewe kwa vipuri vya huku na kule. Mimi nitakupa risiti."

"Risiti ya taa mbili?"

"Nitaandika na chasisi."

"Utaandika uongo."

"Nitaandika uongo mzuri. Unalitaka gari au hulitaki?"

Paskalina alikata simu. Lakini ingekuwa kumsingizia utakatifu kusema kwamba hakulifikiria. Alilifikiria siku nzima na usingizi ukapungua. Namba ya chasisi ndiyo peke yake iliyofunga gari hili na ile kadi ya mkobani. Ikiondoka, Yotamu angebaki na karatasi tupu. Kesho yake asubuhi alichomeka grainda, akachuchumaa penye tairi la mbele, akaitazama namba. Aliwahi kukaa wiki tatu akiitoa kutu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, tarakimu moja baada ya nyingine, mpaka zikasomeka. Tarakimu ya nne ilikuwa imepinda kidogo. Mkono wa mfanyakazi fulani kiwandani uliteleza siku ile, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na kosa lake lilikuwa bado liko palepale. Kupinda kule kulikuwa mali ya kiwanda kama vile simba wa mbele. Alichomoa grainda, akaviringisha waya wake, akaingia ndani kupika uji.

Chumba cha mahakama kilijaa. Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wa Paskalina, mwenye miwani, ambaye hakupenda kelele. Washauri wawili wa mahakama walikaa kando yake. Alimsikiliza Yotamu mpaka mwisho, kisha akamwagiza karani alete jalada la mirathi la mwaka 2013. Likaletwa, lina vumbi. Akalifunua, akasoma kimya, akavua miwani.

"Bwana Yotamu. Saini hii ni yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hapa uliapa kwamba marehemu hakuacha chombo chochote cha moto."

Yotamu akalamba midomo. "Mheshimiwa, wakati ule kulikuwa..."

"Nauliza jambo moja. Siku unaapa, gari lilikuwepo au halikuwepo?"

Ndipo Yotamu alipoona shimo alilolichimba. Akisema lilikuwepo, aliapa uongo. Akisema halikuwepo, anadai nini? Jasho likamtoka, na Iringa ilikuwa na baridi siku hiyo. Mtu wa namna yake, akibanwa, huokoa ngozi kwanza.

"Halikuwepo, mheshimiwa. Vilikuwepo vyuma chakavu."

"Na vyuma hivyo alipewa nani?"

"Mjane."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, akamgeukia Paskalina. Sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. Alikuwa ameshaona njia ya kumalizia kesi kabla ya chakula cha mchana. "Mama, na wewe uthibitishe tu kwa ajili ya kumbukumbu. Unakubali kwamba siku ile uani hapakuwa na gari, bali vyuma chakavu ulivyopewa na kikao?"

Neno moja lilitosha. Aseme ndiyo, vyuma ni vyake, kilichotengenezwa kwa vyuma hivyo ni chake, na Yotamu arudi Igowole mikono mitupu. Washauri walikuwa wameshaanza kukusanya kalamu zao. Esnath alikuwa ameinamisha uso kwenye kitenge.

"Hapana," alisema Paskalina.

"Hapana nini?"

"Hapakuwa na vyuma chakavu. Lilikuwepo gari. Pijo 404. Namba ya chasisi ni ileile iliyo kwenye kadi aliyonayo shemeji kwenye mkoba huo. Aitoe, mlinganishe."

Hakimu akaegemea mbele. "Mama, unaelewa unachokisema? Kama gari lilikuwepo, ni mali ya mirathi. Linarudi, linagawiwa upya. Unaweza kudai fidia ya kazi yako, lakini gari lenyewe unaweza kulikosa."

"Naelewa."

"Hakuna aliyekulazimisha."

"Najua, mheshimiwa. Lakini nikisema vilikuwa vyuma chakavu, maana yake mimi nimeunda gari. Mimi sikuunda gari. Nililikuta, nikalirudisha. Miaka kumi na mmoja sikupaka puti. Siwezi kuja kuipaka hapa."

"Huyu mwendawazimu," Esnath alisema kwa sauti iliyosikika na wote.

"Wewe utatoka nje," hakimu akamwambia, na akatoka.

Kadi ikatolewa mkobani. Yotamu aliing'ang'ania hata karani akalazimika kuivuta. Namba zikalingana. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma: usimamizi wa Yotamu umebatilishwa, jalada la kiapo cha uongo lipelekwe polisi, ukoo ulete jina la msimamizi mwingine, gari likae katika uwanja wa mahakama mpaka mirathi igawiwe upya.

Kwenye ngazi Yotamu alimsubiri. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Umefurahi? Umeniharibia, na gari umelikosa. Ungesema neno moja tu."

"Wewe ulisema neno hilo miaka kumi na mmoja iliyopita. Limekusaidia nini?"

"Litaozea pale uwanjani. Kesi za mirathi hazina haraka. Nitakuwa napita kuliangalia likioza."

"Pita," alisema Paskalina. "Ila ukipita, pita mbali."

Kesho yake, kwa hati ya mahakama iliyobandikwa kwenye kioo na askari mmoja kando yake, alilitoa getini. Ilikuwa mara ya kwanza Pijo ile kuikanyaga lami tangu ilipovutwa kwa kamba. Alishuka kutoka Kihesa kwa gia ya pili, mgongo wima, hakupiga honi hata mara moja. Wanawake wa sokoni waliacha kupima nyanya. Askari akauliza kama gari lina redio.

"Halina. Na usiweke kiwiko dirishani, mpira ule ni mpya."

Uwanjani aliliegesha chini ya ukuta wa kaskazini, ambako mvua haipigi sana, akakataa turubai la nailoni alilopewa kwa sababu linazuia unyevu usitoke. Karani alikuja na daftari la vielelezo. Alikuwa kijana mpole, na alikuwa ameshaandika: gari moja, la zamani.

"Futa," Paskalina akamwambia. "Andika aina. Andika namba. Rangi ya kiwanda. Andika linawaka, linatembea, halina upungufu."

"Mama, nafasi ni mstari mmoja."

"Tumia miwili."

Kijana akatumia mitatu. Paskalina alisoma yote, akasahihisha tarakimu moja, akasaini. Kisha akauliza ni siku gani za wiki ataruhusiwa kuja kuliwasha, maana injini isipowashwa mafuta hukauka ndani ya kabureta na kila kilichofanyika kitaharibika. Karani akasema kielelezo hakiguswi na mtu yeyote mpaka kesi iishe, na kesi imepangwa Machi.

"Nani anaweza kuruhusu?"

"Hakimu peke yake. Na leo ana mashauri tisa."

Paskalina alimkabidhi funguo. Akapita mbele ya watu waliokuwa wakisubiri, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa hakimu, akakaa kwenye benchi la mbao, mikono juu ya magoti, akawaambia wale wawili waliokuwa wamekaa wasogee kidogo.

"Mimi ni wa kumi," alisema. "Nitasubiri."